AC Haiwaki Tangu Usiku wa Radi: Ni Gesi, Ni Bodi au Ni Umeme?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Pole na majukumu.

Naishi Nyegezi, Mwanza. Nina AC ya ukutani ya HP 1.5, kipande kimoja ndani na kingine nje. Si ya inveta. Niliinunua miaka mitatu iliyopita na imefungwa chumba anacholala mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye presha, ambaye joto la usiku humtesa sana.

Jumamosi iliyopita usiku ilinyesha mvua kubwa yenye radi kutoka upande wa ziwani. Umeme ulikatika, ukarudi, ukacheza mara kadhaa, ukakatika tena mpaka alfajiri. Tangu hapo AC haiwaki. Nikibonyeza remoti haitoi hata ule mlio wake, haina taa, vibawa havifunguki. Remoti yenyewe inaonyesha namba kama kawaida na betri nimebadilisha. Taa za nyumba zinawaka, TV inafanya kazi, LUKU ina uniti za kutosha.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alisimama mlangoni, akaitazama, akasema gesi imeisha, nitoe 120,000/= aijaze. Wa pili alifungua mfuniko wa mbele, akachungulia kwa tochi ya simu, akasema bodi imeungua kwa radi, nimpe 350,000/= aagize nyingine Dar es Salaam. Hakuna aliyepima kitu.

AC yetu inatumia plagi, na plagi inaingia kwenye frijigadi iliyokuwa ya friji letu la zamani. Baba watoto aliiweka ili ikinge umeme unaopanda na kushuka. Nyumba ipo juu kidogo, kwenye mawe.

Nimwamini nani? Na je, kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe bila kujihatarisha, kabla sijatoa hela?

Mama Kulwa, Nyegezi

JIBU

Mama Kulwa, pole sana, na umpe pole mama mkwe. Umefanya vizuri kutotoa hela.

Nianze na fundi wa kwanza. AC iliyopungukiwa gesi huwaka. Ukibonyeza remoti inalia, taa inawaka, vibawa vinafunguka, feni inapuliza; kinachokosekana ni ubaridi tu, au bomba jembamba la shaba kule nje linaganda barafu. Gesi inazunguka kwenye mabomba na kompresa, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye kipande cha nje. Haihusiki kabisa na kuwasha taa, kutoa mlio wala kupokea remoti. Hizo ni kazi za bodi, yaani kibao cha saketi za umeme kilichomo kwenye kipande cha ndani, na bodi hiyo haitaki kitu zaidi ya umeme. AC iliyonyamaza kabisa kama yako haijafika kwenye suala la gesi. Kwanza umeme ufuatwe kutoka breka hadi kwenye bodi, hatua kwa hatua, mpaka ionekane umeishia wapi.

Tena hakuna awezaye kujua gesi imeisha kwa kutazama. Hata akiunganisha geji, yaani kipimo cha shinikizo la gesi, mashine ikiwa imezimwa, hapati jibu kamili. Gesi ya R410A, ambayo ipo kwenye AC nyingi za miaka hii, husoma karibu psi 225 kwenye joto la nyuzi 25, iwe imejaa au imepungua nusu, mradi bado kuna kimiminika kidogo ndani. Kiasi chake hujulikana mashine ikiwa inafanya kazi, au kwa kuitoa yote na kuipima kwa mizani. Halafu gesi hailiwi kama mafuta ya pikipiki: ikipungua, imevuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kukujazia tena.

Fundi wa pili anaweza kuwa sahihi. Radi huua bodi, na dalili ulizoeleza zinafanana na za bodi iliyokufa. Shida ni kwamba zinafanana pia na za fyuzi iliyokatika, soketi isiyo na umeme, waya uliolegea na gadi iliyoungua, na vitu hivyo vyote vinne ni vya bei ndogo kuliko bodi. Tochi ya simu haiwezi kuvitofautisha.

Sasa hiyo frijigadi. Kati ya yote uliyoandika, hapo ndipo ningeanzia.

Tazama ubavuni au chini yake, utaona ampea zake. Zile za friji nyingi ni za ampea 5. AC ya HP 1.5, yaani BTU 12,000, isiyo ya inveta, huvuta ampea 5 hivi muda wote kompresa inapozunguka, na pale kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi sana. Friji la nyumbani likishatulia halifiki hata ampea 2. Kwa hiyo AC yako ilikuwa inafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wa gadi hiyo kila usiku, na kuupita kila ilipowaka. Ndani ya gadi kuna rilei, swichi ndogo inayovutwa na sumaku. Ncha zake zikipitisha mzigo mkubwa hutoa cheche, zinaungua kidogo kidogo, na mwisho wake ni mmoja kati ya miwili. Ama hazipitishi tena umeme, ama zinagandana zisiweze kuachana, na hapo gadi haikulindi tena hata kama taa ya kijani inawaka. Usiku umeme unapocheza, gadi hukata mzigo ukiwa umo ndani, tena na tena, na rilei iliyochoka humalizikia hapo. Inawezekana pia radi imeipiga gadi yenyewe ikafa kabla umeme haujaifikia AC. Hilo lingekuwa jambo la heri kwako.

Unayoweza kufanya mwenyewe ni haya. Fanya mchana, hali ya hewa ikiwa tulivu, mikono mikavu, viatu vya mpira miguuni.

Nenda kwenye boksi la breka. Breka iliyojikata mara nyingi haishuki hadi chini. Husimama katikati, na mtu akiitazama kwa haraka huona iko juu. Tafuta inayohusika na soketi ya AC, ishushe mpaka chini kabisa, kisha ipandishe. Mara moja tu. Ikijikata papo hapo kuna shoti, iache ilivyo na usiilazimishe. Kama kuna breka pana yenye kitufe kilichoandikwa T, hiyo hukata umeme unapovujia kwenye ethi. Ikijishusha baada ya mvua, chomoa plagi ya AC halafu uipandishe. Ikikaa vizuri AC ikiwa imechomolewa, uvujaji uko kwenye AC, mara nyingi kipande cha nje kilicholowa au kompresa yenyewe, na hapo ni kazi ya fundi.

Zima swichi ya soketi, uchomoe plagi ya AC kwenye gadi. Itazame. Miguu ikiwa na weusi, au plastiki imebadilika rangi, au inanuka kuungua, umeshapata sehemu ya tatizo. Plagi zetu za miguu mitatu bapa zina fyuzi ndani, na kwa AC inatakiwa iwe ya ampea 13. Ifungue kwa bisibisi ikiwa mkononi mwako, mbali na soketi, uchomoe fyuzi hiyo na uweke ile ya plagi ya pasi, ikiwa nayo imeandikwa 13. Watu wengi hawajui kwamba fyuzi hiyo ipo. Kaza pia skrubu za waya humo ndani wakati umeifungua. Skrubu iliyolegea hupata moto, na moto ndio unaokata fyuzi na kuunguza miguu ya plagi.

Chukua taa ya mezani. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Isipowaka, soketi haina umeme na AC haina kosa. Ikiwaka, rudisha gadi ukutani na uchomeke taa kwenye gadi, kisha usubiri dakika 5 kamili. Kusubiri ni lazima, kwa sababu gadi huchelewesha umeme makusudi, kwa kawaida dakika 3 hadi 5, ili kompresa isianze upya ikiwa bado na shinikizo. Taa ikiwaka ukutani na isiwake kwenye gadi baada ya dakika hizo, gadi ndiyo mgonjwa.

Hapa niseme jambo moja la tahadhari. Taa kuwaka kwenye gadi hakuthibitishi kwamba gadi ni nzima kwa mzigo wa AC. Ncha zilizoungua zinaweza kupitisha umeme wa taa ndogo na kushindwa wa kompresa. Ila wewe AC yako haitoi hata mlio, na mlio ule unahitaji umeme mdogo kuliko wa taa hiyo. Kwa hiyo kwako kipimo cha taa kinatosha.

Ikionekana ni gadi, unaweza kuchomeka AC moja kwa moja ukutani kwa kujaribu tu, ukiwa umesimama hapo. Ikilia, iwashe na uiache dakika 10. Usilale nayo hivyo. Nunua gadi ya AC, siyo ya friji, ya ampea 20 kwenda juu. Kwa kawaida haina plagi ya kuchomeka bali hufungwa na fundi ukutani kwa waya. AC ya ukubwa huo inastahili waya wake wenyewe wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi, breka yake ya ampea 16 au 20, bila ekstensheni na bila kugawana na pasi au jiko.

Kama taa inawaka kote na AC bado kimya, jaribu kitufe cha dharura. Inua mfuniko wa mbele wa kipande cha ndani. Upande wa kulia, mara nyingi kando ya matundu ya chujio, kuna kitufe kidogo kilichoandikwa AUTO au ON/OFF. Kibonyeze mara moja na uachie. Usikishikilie, maana kwenye AC nyingi kukishikilia sekunde kadhaa huiingiza mashine kwenye hali ya majaribio ambapo inapoza bila kujali joto la chumba. Ikiwaka kwa kitufe, bodi ni nzima na tatizo ni remoti au jicho linaloipokea. Remoti kuonyesha namba hakumaanishi inatuma mwanga. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze; ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikipepesa, inatuma. Kamera ya nyuma kwenye simu nyingi huzuia mwanga huo, kwa hiyo tumia ya mbele.

Kazi yako inaishia hapo. Usifungue boksi la umeme la kipande cha ndani, na usipande kwenye kipande cha nje.

Fundi akija, mwombe apime mbele yako, na hizi ndizo namba utakazotaka kuziona kwenye multimita yake. Kwanza kati ya L na N pale waya unapoingia kwenye kipande cha ndani: kati ya volti 198 na 264 ni sawa, na kwa kawaida itakuwa 220 hadi 240. Akipata sifuri hapo, bodi isiguswe. Waya kati ya plagi na mashine umekatika, umetafunwa na panya au umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe, na kiungo kimeungua.

Umeme ukifika, hatua inayofuata ni fyuzi ya bodi. Ni kichupa kidogo cha kioo au cha udongo mweupe, mara nyingi kimeandikwa T3.15A 250V. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, umeme ulipanda kidogo au fyuzi imechoka. Kioo kikiwa cheusi au chenye rangi ya fedha ndani, kuna shoti kubwa imepita. Pembeni ya fyuzi kuna kidude cha duara bapa, bluu au chekundu, kinachofanana na kapasita ndogo. Hiyo ni varista. Kazi yake ni kujitoa mhanga: umeme ukipanda ghafla hujipiga shoti makusudi ili fyuzi ikatike na bodi ibaki salama. Varista ikipasuka au ikiwa na masizi baada ya usiku kama ule wako, ujue kinga imefanya kazi, na mara nyingi bodi hurudi kwa kubadilisha vitu hivyo viwili tu. Vibadilishwe vyote viwili, kwa namba zilezile zilizoandikwa juu yake. Wapo wanaokata varista na kuitupa kisha wanaweka fyuzi mpya, AC inawaka, mteja anafurahi. Radi inayofuata inaondoka na bodi nzima. Wengine wanafunga uzi wa waya mahali pa fyuzi. Hao usiwaruhusu kugusa mashine yako tena.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti mbele yake: daraja la dayodi, feni ya ndani, au sehemu inayoshusha umeme. Fundi mzuri hatachoma fyuzi tatu akitafuta. Atachomoa waya wa feni ajaribu bila feni, na ataunga taa ya wati 60 au 100 ya uzi mahali pa fyuzi. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo, ikiwaka kidogo na kufifia, njia ni safi. Fyuzi ikiwa nzima na umeme unaingia, apime volti 12 na volti 5 zinazotoka kwenye sehemu inayoshusha umeme. Volti hizo zikikosekana, sehemu hiyo ndiyo mbovu na fundi wa bodi huweza kuitengeneza. Zikiwepo zote na bado kimya, basi kweli kuna neno kwenye ubongo wa bodi, na hapo ndipo mazungumzo ya kununua nyingine yanaanza kuwa na msingi.

Aangalie pia kama kuna mjusi. Sisemi hivyo kwa utani. Mijusi hupenda joto la bodi, hulala juu ya njia za umeme na kuunganisha zisizotakiwa kuungana, na sisimizi hujaza ncha za rilei mpaka zisikutane. Bodi iliyochafuka hivyo husafishwa kwa brashi laini na spiriti, ikaachwa ikauke kabisa. Petroli isikaribie hapo.

Tuseme mlio umerudi, vibawa vimefunguka, feni ya ndani inapuliza, lakini kule nje kimya. Usishtuke mara moja. Bodi humzuia kompresa dakika 3 hivi baada ya umeme kurudi. Hakikisha remoti iko kwenye alama ya theluji na nyuzi ulizochagua ziko chini ya joto la chumba. Ukiweka 28 chumba kikiwa 26, kompresa haina sababu ya kuwaka.

Zikipita dakika 10 bila kitu, au ukisikia mngurumo mfupi, kisha "tak", kisha kimya, halafu hivyo hivyo tena baada ya dakika kadhaa, kompresa inajaribu kuanza na inashindwa. Sababu ya kwanza ni kapasita, kopo dogo linaloipa kompresa nguvu ya kuanza. Kwa AC kama yako mara nyingi ni ya mikrofaradi 30 au 35, volti 450, na kiwango chake kinaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 5: ya 35 ikisoma chini ya 33 ibadilishwe. Kichwa kilichovimba hakihitaji hata kipimo. Kapasita hushika umeme baada ya breka kuzimwa, kwa hiyo fundi aimwage kwanza kwa rezista, siyo kwa kugusanisha bisibisi. Sababu ya pili ni umeme mdogo. Pima volti wakati kompresa inapojaribu kuanza, saa mbili au saa tatu usiku majirani wote wakiwa wamewasha. Ikishuka chini ya 198, kapasita mpya haitasaidia, na kila jaribio lililoshindwa linapasha nyaya za kompresa. Kompresa yenyewe ichunguzwe mwisho. Ina vichwa vitatu, C, S na R. Omu za kati ya R na S lazima ziwe sawa na jumla ya C–R na C–S, na kati ya kichwa chochote na bomba la shaba pasiwe na njia. Kama imepata moto sana, kinga yake ya ndani huwa imefunguka, iachwe saa moja au mbili ipoe kabla ya kutangaziwa kifo.

Kuna maelezo yanayoletwa huku kutoka Dar es Salaam na Tanga kwamba kipande cha nje kimeliwa na chumvi. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi hiyo hatuna. Kinachoziba vipande vya nje huku ni vumbi la kiangazi na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, wanafuata taa usiku na kufia kwenye mapezi ya alumini kwa maelfu. Wakilowa wanakuwa tope, hewa haipiti, kompresa inachemka na kujikata. Hiyo haikuzima AC yako, lakini fundi akiwa pale mwambie aoshe mapezi kwa maji ya kawaida, umeme ukiwa umezimwa, na uache kuwasha taa ya nje iliyo karibu na kipande hicho.

Sasa kuhusu mawe, kwa sababu hapo ndipo usiku mwingine wa radi utakapoamuliwa. Radi ya ziwani hupiga sana usiku na mapema asubuhi, na umeme wake ukiingia kwenye nyaya unatafuta ardhi. Breka yenye T, na kizuia radi nitakachokitaja hapa chini, vinahitaji ethi nzuri ili vifanye kazi vizuri. Kwenye vilima vyetu vya mawe, nondo ya ethi mara nyingi hupigwa nyundo ikagonga mwamba kwenye nusu mita, fundi akaikata na kufukia kichwa. Juu inaonekana sawa. Multimita nayo itakudanganya, itaonyesha volti 230 kati ya laini na ethi hata kama ethi ni mbovu, kwa kuwa yenyewe haivuti mkondo wa maana. Kinachotakiwa ni kipimo maalumu cha ethi. Mahali pa mwamba, badala ya nondo moja ya kusimama, huchimbwa mtaro kwenye udongo uliopo kati ya mawe na kulazwa waya wa shaba mtupu kwa mita kadhaa, au nondo mbili tatu katika mifuko tofauti ya udongo zikaungwa pamoja. Kisha kwenye boksi la breka kifungwe kizuia radi cha kundi la pili (Type 2), kilichoungwa kwenye ethi hiyo kwa waya mfupi kadiri inavyowezekana. Kazi hii mpe mtu mwenye leseni ya EWURA, siyo kishoka. Na mawingu yakianza kunguruma ziwani, chomoeni plagi, au mkishafunga gadi mpya zimeni breka ya AC. Remoti haikati umeme, bodi hubaki imeungwa usiku kucha.

Kama vipimo vitaonyesha bodi imekufa kweli, usitoe 350,000/= kwa neno la mdomo. Kwanza iende kwa fundi wa bodi ajaribu kuifufua. Waliosomea majokofu na viyoyozi wapo Mwanza. Chuo cha VETA pale Nyakato ni mahali pazuri pa kuulizia. Bodi mpya ikihitajika, itafutwe kwa namba ya modeli iliyo kwenye stika ubavuni mwa kipande cha ndani pamoja na namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe, maana AC mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa na bodi zisizoingiliana. Ukiletewa ile ya kuingia AC yoyote, inayokuja na remoti yake, inafanya kazi kwenye AC isiyo ya inveta kama yako na bei yake huwa nafuu. Ila hakikisha sensa zote mbili zimefungwa, ya hewa ya chumba na ya bomba. Mafundi wengi huacha ya bomba ikining'inia, na bila hiyo mashine haijui kwamba inaganda. Bodi ya zamani ibaki kwako, hata kama fundi anaitaka. Rilei na transfoma zake zinaweza kutumika tena.